Al-Biruni na Chombo cha Kupimia

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu nilitakiwa nitengeneze lita moja ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Nikapima gramu 0.9, nikatia maji, nikaona nimemaliza. Kumbe asilimia huhesabiwa kwa mililita 100, kwa hivyo lita nzima ilitaka gramu 9! Chembe za damu tulizotia mle zikapasuka zote. Siku hiyo nilimkumbuka Abu Rayhan al-Biruni, ambaye madrasa tulitajiwa jina tu.

Alizaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, nchi ambayo leo sehemu yake iko Uzbekistan. Mwaka 1017 Sultan Mahmud aliiteka nchi hiyo, akamchukua mpaka Ghazna. Alijifunza Kisanskriti, na kitabu chake juu ya Wahindi kinasomwa hadi leo. Hayo wengi wanayajua.

Mimi kilichonishika ni chombo chake. Alitaka kujua dhahabu ni nzito kuliko maji mara ngapi. Akatengeneza chombo kipana chini, chembamba juu, chenye mdomo pembeni. Unakijaza maji, unatumbukiza dhahabu, kisha yanayomwagika unayapima kwenye mizani. Rahisi, sivyo? Wapi! Maji yalikuwa yakinata pale mdomoni, na matone machache tu huharibu hesabu. Akaurekebisha tena na tena mpaka ukatema sawasawa. Alipata mara 19 na ushei. Vipimo vya leo ni 19.3. Aliona pia kuwa maji ya moto na ya baridi hayalingani uzito, wala ya chumvi na matamu.

Alipima kwa mithqali, hizi hizi tunazosoma katika zaka. Nisabu ya dhahabu ni mithqali 20, ambazo wanavyuoni wengi wa leo hukadiria gramu 85, yaani 4.25 kila moja. Dirhamu 10 ni mithqali 7, basi dirhamu 200 za fedha ni gramu 595. Chukua kalamu upige mwenyewe, maana ukikosea hapa ni haki ya maskini hiyo.

Inasimuliwa kwamba akiwa mahututi huko Ghazna, faqihi mmoja rafiki yake alikwenda kumzuru, naye akamuuliza mas-ala ya mirathi waliyowahi kuyazungumza. Mgeni akaona ati huu si wakati wake. Al-Biruni akamjibu kuwa ni bora aiage dunia akiwa anaijua ile mas-ala. Akaelezwa, akaihifadhi. Mgeni alikuwa bado yuko njiani aliposikia vilio kutoka nyumba ile.