Rudolf Diesel na Kiu ya Malori Yetu

Lugha ina ada ya kuwazika watu ndani ya maneno. Mtu hufa, miaka ikapita, jina lake likavuliwa herufi kubwa na kuwa nomino kama nyingine yoyote. Neno dizeli ni mojawapo ya makaburi hayo. Wenye malori hulitamka kila alfajiri kwenye vituo vya mafuta, wakaguna kwa sababu ya bei, wakalipa na kwenda zao. Ni wachache mno wanaokumbuka kwamba Diesel alikuwa binadamu, mwana wa fundi wa ngozi, aliyetaabika, akatajirika, akafilisika na hatimaye akatoweka baharini usiku.

Isitoshe, jina lenyewe tumelibandika pasipo mahali pake. Sisi huyaita mafuta dizeli, na si sisi pekee, kwani hata Wajerumani hufanya hivyo. Ilhali mtu huyu hakuvumbua mafuta. Alivumbua injini, na shabaha yake ilikuwa kupunguza mafuta yanayohitajika kufanya kazi ile ile. Nashuku kwamba kuhama huku kwa maana, kutoka kwa mtambo hadi kwa kinachomiminwa ndani yake, kunatugharimu fedha nyingi barabarani. Nitairejelea hoja hiyo baada ya kusimulia maisha yake.

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani kutoka Bavaria, na babake alijipatia riziki kwa kutengeneza bidhaa za ngozi. Vita baina ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka wa 1870, Wajerumani walifukuzwa Paris, na familia hiyo ikakimbilia London. Maisha yalikuwa magumu huko. Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Augsburg akalelewe na jamaa zake. Mlezi wake alikuwa mwalimu wa hisabati, na ni chini ya mikono yake ambapo kijana huyo alikata shauri kuwa mhandisi.

Alisoma kwa msaada wa ufadhili katika chuo cha ufundi cha Munich, akahitimu mwaka wa 1880 kwa alama za juu ajabu. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza baridi. Darasani mwa Linde ndimo alimojifunza jambo lililomkera maisha yake yote, kwamba mashine za mvuke, zilizoendesha viwanda na magarimoshi ya dunia nzima, zilipoteza takribani asilimia 90 au zaidi ya joto la makaa. Katika kila magunia kumi ya makaa, gunia moja tu au pungufu ndilo lililofanya kazi. Hayo mengine yaliishia katika moshi na hewa.

Hasara hiyo ilikuwa pia dhuluma. Mashine kubwa ya mvuke ilimfaa mwenye kiwanda kikubwa, lakini seremala au mfumaji mdogo hakuimudu. Diesel alitamani injini isiyo na ulafi, ambayo hata fundi wa kawaida angeweza kuitumia asimezwe na matajiri.

Wazo lake halikuwa gumu kulielewa. Yeyote aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua kwamba pampu hupata moto mkononi, kwa sababu hewa ikibanwa upesi huzalisha joto. Diesel aliuliza ni nini kingetokea kama hewa ingebanwa kwa nguvu kiasi kwamba, mafuta yanyunyizwapo ndani yake, yawake yenyewe bila cheche. Kadiri hewa inavyobanwa zaidi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto la mafuta inavyogeuzwa kuwa kazi. Alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mnamo Februari 1893. Mwaka huo huo alichapisha kitabu kuhusu nadharia hiyo, na kampuni ya mitambo ya Augsburg pamoja na ile ya Krupp zikakubali kugharimia majaribio.

Yafaa tutue hapa, kwani historia nyingi hulipita jambo hili kwa kasi. Injini ya kwanza haikufanya kazi. Ilipojaribiwa tarehe 10 Agosti 1893, mafuta yaliwaka kwa kishindo na kipimo cha shinikizo kikapasuka vipande vipande. Diesel hakudhurika, na alifurahi kwa kuwa alikuwa amethibitisha kwamba mafuta huwaka kwa mbano pekee. Hata hivyo, injini haikuweza kujiendesha. Ikafunguliwa, ikarekebishwa, ikafungwa tena. Tarehe 17 Februari 1894 ilijizungusha yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Inasimuliwa kwamba fundi aliyekuwa karibu aliona mkanda wa mtambo ukibadili mvuto wake, akavua kofia bila kusema neno.

Kuanzia hapo ilipita miaka mingine mitatu ya kufungua na kufunga. Kilichowasumbua ni nini? Pistoni na ringi zake zilivujisha hewa, kwa hivyo mbano ukapungua. Ncha za kunyunyizia mafuta ziliyadondosha badala ya kuyasambaza kama ukungu. Mafuta yalifika kabla au baada ya wakati wake. Naomba msomaji ayakumbuke matatizo haya matatu.

Tarehe 17 Februari 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini mpya, naye akapata kwamba iligeuza takribani asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hapakuwa na mashine nyingine ya joto iliyokaribia kiwango hicho. Sifa zikamiminika, na pesa zikafuata. Adolphus Busch, tajiri wa pombe wa St. Louis, alinunua haki za Marekani kwa marki milioni moja.

Mafanikio hayo yalikuja na mashaka yake. Injini za mwanzo zilizouzwa, ikiwamo ile ya kiwanda cha viberiti mjini Kempten, ziliharibika mara kwa mara. Kiwanda ambacho Diesel mwenyewe alikianzisha Augsburg kilianguka. Afya yake ilidhoofika hata akalazimika kutibiwa kwa uchovu wa akili. Alipoteza mali nyingi katika biashara ya ardhi. Hata hivyo, hakusahau wanyonge: mwaka wa 1903 alichapisha kitabu kilichopendekeza wafanyakazi waunganishe akiba zao ili wamiliki viwanda wao wenyewe. Kitabu hicho hakikupata wasomaji wengi.

Kuna tukio moja linalotuhusu Waafrika. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1900, injini ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyopendezwa na jaribio hilo, kwa kuwa njugu zilistawi katika makoloni yake ya Afrika. Kwa hivyo, mapema hivyo, ilikuwa imethibitishwa kwamba injini hii haikufungwa kwa aina moja ya mafuta. Uhodari wake haumo ndani ya pipa.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli iitwayo Dresden bandarini Antwerp, akielekea Uingereza pamoja na wenzake wawili. Walikula chajio, wakaagana, kila mmoja akaenda chumbani kwake. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa, na kofia na koti lake vilikuwa sitahani. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini, wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuurudisha mwili majini. Mwanawe alivitambua vitu hivyo kuwa vya babake. Wapo waliodai kwamba aliuawa, lakini baada ya kifo chake ilibainika kuwa alikuwa amezama katika madeni, na wengi huamini alijitupa mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Hakuishi kuona injini yake ikitawala barabara. Katika siku zake mafuta yalisukumwa ndani ya silinda kwa hewa kutoka kwa kompresa nzito, mzigo usiofaa gari. Malori ya dizeli yalianza kuuzwa mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 kampuni ya Robert Bosch ikaanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukumia mafuta. Kutoka hapo, lori la dizeli likaenea ulimwenguni.

Sasa nirejelee malori yetu. Wakati mmoja niliketi katika gereji ya jua kali nikisubiri gari langu. Akaja mwenye lori kuukuu, akalalamika kwamba lori lake halipandi milima tena na linamaliza mafuta. Alimtaka fundi aifungue pampu kidogo ili mafuta yaingie kwa wingi zaidi. Fundi, mzee wa makamo, alimsihi kwa upole kwamba kwanza apime mbano wa kila silinda. Bwana yule alikataa katakata. Alikuwa na karo ya kulipa wiki hiyo, na kufungua injini nzima kulikuwa ghali. Pampu ikafunguliwa. Lori likaondoka kwa kishindo, likiacha nyuma wingu jeusi lililotufunika sote.

Wingu lile lilikuwa pesa zake. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua sawasawa. Lori likizeeka, ringi na kuta za silinda hulika, hewa ikavujia chini ya pistoni, joto likapungua. Nozeli huchoka na kudondosha mafuta. Pampu nayo hupoteza majira. Hayo ni matatizo yale yale matatu yaliyomkesha Diesel kule Augsburg. Fundi anayebadilisha ringi na slivu, akakalisha vali upya ili zisivujishe, akasafisha au kubadilisha nozeli na kurekebisha majira ya pampu, hafanyi kazi ya viraka. Anamalizia kazi ya mvumbuzi mwenyewe. Kumwaga mafuta zaidi katika injini inayovuja ni kujaza mtungi uliotoboka. Ubaya zaidi ni kuchanganya mafuta taa na dizeli ili kupunguza gharama, desturi iliyokithiri hapa Kenya hadi serikali ikayatoza mafuta taa ushuru maalumu mwaka wa 2018. Mafuta taa hayalainishi pampu ipasavyo, na rahisi huwa ghali.

Hapa ndipo kosa letu la kimaana linapojitokeza. Kwa kuwa jina la Diesel tumeyapa mafuta, tumesadiki kuwa nguvu zimo katika mafuta, ilhali zimo katika mbano. Na mbano huo hata hatujaupa jina linalokubalika na wote. Vitabu vya ufundi vimeandikwa kwa Kiingereza, fundi husema kompresheni, na mwenye lori husikia tu sauti isiyo na picha. Laiti angalikuwa na neno linalomwonyesha hewa ikibanwa na kuvuja, huenda angalimsikiliza yule mzee.

Sisi wasomi wa lugha tuna deni hapa. Tuwaandikie mafundi wetu miongozo kwa Kiswahili wanachokisema, nao wapatiwe vipimo vya mbano badala ya kukisia kwa sikio. Kisha mwenye lori, kabla ya kuagiza pampu ifunguliwe, aulize mbano wa silinda zake ni kiasi gani.