Michael Faraday, mutoto wa muhunzi aliyepima ngozi ya shaba

Mutu wa Uvira ao wa Baraka mwenye ndugu anayetumika Likasi ao Kolwezi amekwisha kusikia neno katodi. Ni bamba la shaba safi linalotoka kiwandani, tayari kuuzwa. Neno hilo lilianza kuandikwa mwaka wa 1834, na aliyelileta alikuwa mutoto wa muhunzi, Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mugonjwa, mara nyingi alishindwa kutumika, na njaa ikaingia nyumbani. Kuna wakati Michael alipewa mukate mumoja tu kwa juma zima. Masomo yake yalikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Alipofika miaka 14 aliingia kwa patro mumoja kujifunza kazi ya kushona vitabu, miaka 7. Lakini vitabu alivyovishona, alivisoma pia. Humo ndimo alikutana na umeme.

Mwaka wa 1812 alipewa tikiti za kusikiliza mafundisho ya Humphry Davy, mwalimu mukubwa wa kemia. Faraday akaandika yote, akayashona kuwa kitabu, akamutumia Davy. Mwaka uliofuata Davy akamupa kazi ya kumusaidia. Katika 1815 walitumika pamoja ku taa ya wachimbaji wa makaa, taa isiyowasha gesi ya chini ya udongo.

Baadaye Faraday akashika kazi ya kupima. Ukitia vipande viwili vya metali ndani ya maji yenye chumvi ya shaba, yale ya rangi ya buluu, na kuviunga na batri, shaba inatoka majini na kulala ku kipande kimoja kama ngozi nyembamba. Watu walikuwa wanaiona, lakini kipimo chake hakikujulikana. Mwaka wa 1833 na 1834 Faraday alionyesha kwamba umeme ukiwa mara mbili, shaba nayo inakuwa mara mbili. Kwa hesabu ya leo, ampere 10 kwa saa moja zinaweka karibu gramu 12 za shaba. Kipande kinachopokea shaba alikiita katodi, kwa shauri la mwalimu mumoja rafiki yake.

Sifa hazikumufanya asahau watu wa mashimo. Mwezi wa Septemba 1844 mugodi wa makaa wa Haswell, Uingereza, ulilipuka, wakafa wanaume na watoto 95. Serikali ilimutuma Faraday pamoja na Charles Lyell, mwalimu wa mawe. Wakashuka chini. Faraday akauliza baruti inawekwa wapi, kumbe ilikuwa ndani ya mufuko aliokuwa ameukalia, na mushumaa unawaka karibu! Wao wawili walishauri hewa mbaya itolewe kwa mabomba, lakini wenye migodi walikataa. Wachimbaji wanaoshuka leo bila hewa ya kutosha wanajua bei ya kukataa vile.

Faraday alikataa cheo cha heshima cha ufalme, akafa tarehe 25 Agosti 1867. Kipimo chake hakikufa. Kwetu Kongo kiwanda cha Shituru, Likasi, kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka wa 1929, na Luilu, Kolwezi, mwaka wa 1960. Kwa njia ya zamani, ngozi nyembamba ya shaba inawekwa ku bamba, inabanduliwa, halafu inarudishwa majini inenepe hadi iwe katodi nzima.

Lakini umeme uleule unapaka pia dhahabu juu ya shaba. Hapo njo muchimbaji wa Fizi na mama anayenunua pete sokoni Uvira wanaweza kuibiwa, kwa sababu rangi ni ngozi tu. Dhahabu safi ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko shaba ya ukubwa uleule. Kabla ya kutoa franga, pima uzito, pima na ukubwa. Faraday naye hakuamini macho peke yake, alileta mizani.