Jicho lilipopungua, kazi haikukoma
Maisha ya Mary Leakey, kutoka Kilima cha Pimbi hadi Laetoli

Kila mji una wazee wake wasiokubali kuiacha baraza. Kwetu pwani utamwona mzee wa bao ambaye zamani alikuwa akizihesabu kete za mwenzake kwa kutupa jicho mara moja tu, na leo huzipapasa kwa vidole, na pengine husahau alikokuwa akielekea. Huko bara, Nakuru, wako wazee wa gofu wa namna hiyo hiyo. Mpira uliokuwa ukipaa hata usionekane sasa huanguka karibu, nao huufuata pole pole, wakaupiga tena.

Wapo wanaowacheka wazee hawa, na wapo wanaowaonea imani. Lakini swali lao ni swali la kila aliyejaaliwa umri: mtu afanye nini pale mwili unapoanza kumnyima kile alichokiweza? Aache kabla hajaaibika, au aendelee mpaka avuliwe kwa nguvu? Leo, wasomaji wetu, tutalitazama swali hilo katika maisha ya mtu ambaye kazi yake ya kwanza kubwa katika nchi hizi aliifanya huko huko Nakuru, njiani kwenda Lanet. Naye ni hayati Mary Leakey, mchimbuzi wa mambo ya kale.

Jina hili huambatana na mabishano juu ya asili ya wanadamu. Katika hayo kila msomaji ana kitabu chake na mwalimu wake, na makala haya hayaingii humo. Tunachokitazama ni mtu na kazi yake.

Alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913, akaitwa Mary Nicol. Babake alikuwa mchoraji, na alipenda kusafiri na mwanawe katika nchi ya Ufaransa, ambako mtoto alionyeshwa mapango yenye michoro ya watu wa kale. Baba akafa mwaka 1926, binti akiwa na miaka 13. Tangu hapo shule haikumkalia vyema. Alitiwa katika shule za masista, akafukuzwa zaidi ya mara moja, na hakupata cheti chochote. Alichokuwa nacho ni mkono wa baba: aliweza kuchora jiwe la kale likaonekana kama limewekwa juu ya karatasi. Kwa mkono huo ndipo alipopata kazi ya kuwachorea wataalamu, na kwa kazi hiyo akajuana mwaka 1933 na Louis Leakey, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Kabete na kukulia miongoni mwa Wakikuyu. Walioana Desemba 1936, na mwezi uliofuata Mary akaja Kenya.

Hakuanza vyema. Alishikwa na kichomi, akalazwa Nairobi, hata mamake akaitwa kutoka Uingereza kwa kuwa ilidhaniwa hataishi. Alipopona alikwenda kuchimba Nakuru.

Mahali penyewe huitwa Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi, kwa ajili ya wanyama hao wanaojificha katika majabali yake. Ni kilomita chache tu kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya Nairobi, na juu yake huonekana ziwa la Nakuru lote. Mary alichimba hapo mwaka 1937 na 1938. Alifukua makaburi ya kale ambamo wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe. Alichunguza mashimo mapana ubavuni mwa kilima, yale yaitwayo mashimo ya Sirikwa, yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe. Zilionekana pia sarafu za Kihindi, jambo la kumfanya mtu wa pwani atulie kidogo, akawaza njia ambayo fedha hiyo ilipita mpaka ikafika Bonde la Ufa. Na katika majabali ya kilima hicho yamechongwa mabao, safu kwa safu, kama yale tunayoyachonga katika mbao. Lanet nayo ina sifa yake: aina ya vyungu vya kale vilivyotiwa nakshi kwa kubingirishiwa kamba iliyosokotwa imepewa jina la mahali hapo.

Kilimani hapo Mary alijionyesha alivyo. Alikuwa akiondoa udongo kidogo kidogo, akiandika mahali pa kila kipande, asiharakishe wala asibahatishe. Mumewe alikuwa mtu wa namna nyingine, mwepesi wa kuona na mwepesi wa kutangaza. Kwa miaka mingi tabia hizo mbili zilifaana kama tanga na usukani.

Waliishi maisha ya mahema na fedha chache. Walipata watoto wa kiume watatu, na binti mmoja aliyefariki akiwa mchanga. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary alipata fuvu la nyani wa kale sana aitwaye Proconsul, likavuma ulimwenguni. Mwaka 1951 walikwenda Kondoa, Tanganyika, naye akakaa miezi akinakili michoro ya watu wa kale iliyo katika mapango. Kisha tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Louis akiwa amelala kwa homa, Mary alitoka na mbwa wake akaona kipande cha mfupa chenye meno kikitokeza ardhini. Vipande mamia vilivyovunjikavunjika alivikusanya na kuviunganisha mpaka likawa fuvu. Wataalamu wakalikadiria kuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Louis aliliita Zinjanthropus. Msomaji wa pwani atalitambua jina hilo mara moja, kwani latokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu hii. Mwaka 1965 fuvu hilo lilikabidhiwa Tanzania.

Hapo ndipo hadithi yetu inapogeuka. Baada ya fuvu hilo Louis alikuwa mtu mkubwa wa dunia, lakini afya ilianza kumtoka. Nyonga zilimuuma, moyo ukadhoofika, naye hakutaka kupunguza mwendo. Alizunguka Marekani akihutubu na kutafuta fedha. Mwaka 1964 ukaanza uchimbaji wa California, mahali paitwapo Calico, ambako alisadiki kuwa mawe fulani ni zana za watu wa kale mno. Wataalamu wengi waliyaona kuwa mawe yaliyovunjika yenyewe. Mary alikuwa miongoni mwao. Ilimwia vigumu: yule aliyemfundisha kuipenda ardhi ya Afrika sasa alikuwa akitetea jambo ambalo yeye, kwa elimu ile ile, hakuweza kulikubali. Heshima aliyokuwa nayo kwa hukumu ya mumewe ikapungua, na nyumba ikapoa. Yeye akakaa Olduvai, mume akawa safarini. Louis alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na miaka 69, bado ana mipango mkononi.

Basi Mary alikuwa ameuona uzee wa fundi kwa karibu kuliko wengi. Alikuwa na miaka 59, mjane, na wengi walidhani sasa atatulia. Badala yake alikwenda Laetoli, kusini ya Olduvai. Hapo, mwaka 1978, akiwa na miaka 65, yeye na wenzake walianza kufukua nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkeno kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita, njia yenye urefu wa kiasi cha mita 27. Hakuna fuvu linaloweza kumgusa mtu kama unyayo. Huna haja ya kuwa mtaalamu ili uelewe kuwa mtu alipita hapa.

Kazi ilipokwisha mwaka 1979 alizifunika nyayo zile kwa mchanga, udongo na mawe, ili zisiharibiwe na mvua wala mifugo. Alifanya kwa nia njema, lakini katika udongo ule zilikuwamo mbegu za migunga. Miti ikaota juu ya nyayo, na mizizi ikaanza kushuka.

Mwaka 1982 ukaja msiba wake mwenyewe. Damu iliganda katika mshipa wa jicho, na jicho hilo likapoteza nuru. Fikiri, msomaji, maana yake kwa mtu aliyeishi kwa kutambua jino dogo katikati ya kokoto, na kwa kuchora jiwe lisipungukiwe na hata ufa mmoja. Kwa jicho moja kina cha vitu hakionekani sawasawa, na pembezoni mwa shimo la uchimbaji ni rahisi kuanguka. Alikuwa na karibu miaka 70. Mwaka 1983 alivunja kambi yake ya Olduvai, alikokuwa amekaa muda mrefu na mbwa wake, akarudi Nairobi.

Aliacha shimo, lakini hakuiacha kazi. Na hapo ndipo penye somo. Hakujidai kuwa bado anaona kama zamani, wala hakukaa kitini akisimulia ushujaa wa jana. Alitafuta ni kitu gani kilichobaki mkononi mwake, akakuta ni daftari zake, zile alizoandika kwa uangalifu miaka yote. Mwaka huo huo wa 1983 kilitoka kitabu chake cha michoro ya Kondoa, matunda ya kalamu aliyoishika miaka 32 kabla. Mwaka 1984 alitoa kitabu cha maisha yake. Mwaka 1987 kikatoka kitabu kikubwa cha Laetoli, alichokihariri pamoja na mwenzake. Na mwaka 1994, akiwa na miaka 81, likatoka juzuu la mwisho la kazi yake ya Olduvai. Vyuo vikuu vilikuwa vimempa shahada za heshima, yeye aliyefukuzwa shuleni.

Na zile nyayo? Wahifadhi wa Tanzania pamoja na wageni walikwenda Laetoli katika miaka ya tisini, wakaing'oa mizizi, wakazitengeneza nyayo na kuzifunika upya kwa njia iliyo bora zaidi. Mwaka 1996 Mary alipelekwa huko akazitazama kwa mara ya mwisho, ajuza wa miaka 83, akiwaacha vijana wayasahihishe yale aliyoyafanya yeye. Kwa fundi wa tabia yake hilo halikuwa jambo dogo. Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo alifariki Nairobi.

Kilima cha Pimbi bado kipo, na pana makumbusho madogo yaliyofunguliwa mwaka 1965. Mwenye safari ya Nakuru na apite, atazame mabao yaliyochongwa katika jabali. Waliocheza hapo hatuwajui majina, lakini bila shaka miongoni mwao walikuwamo wazee waliokuwa wakipapasa kete.

Tusiwafukuze wazee wetu barazani. Lakini nasi tunaozeeka, na mwandishi wa makala haya nywele zake zimeanza kumshuhudia, tujikague kila asubuhi: lipi limeondoka, na lipi limebaki? Lililoondoka ni la Mwenyezi Mungu, alilitoa na amelichukua. Lililobaki ndilo tutakaloulizwa tulilifanyia nini.