Mchungaji Aliyetunza Majani Mabovu

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea jani la nyanya lenye mabaka ya kahawia. Kazi ilikuwa kukausha majani. Nikamwambia alitupe, alete lililo zima. Jamaa ninayemwandika hapa asingelitupa.

Miles Joseph Berkeley alizaliwa Northamptonshire, Uingereza, mwaka 1803. Alisoma Cambridge, akawa mchungaji wa Anglikana huko vijijini. Kipato kilikuwa kidogo na watoto wengi kweli kweli, kwa hiyo akafundisha wanafunzi nyumbani kwake. Yaani alikuwa mwalimu, kama sisi tutakavyokuwa. Muda uliobaki aliutumia kwenye hadubini akichunguza kuvu. Hata kuvu alizokusanya Charles Darwin kwenye safari ya meli ya Beagle, Berkeley ndiye aliyezichambua.

Mwaka 1845 viazi mviringo vikaanza kuoza Ulaya. Ireland, ambako maskini waliishi kwa viazi, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata. Wasomi wakubwa, akiwemo John Lindley, walisema chanzo ni mvua na baridi. Ukungu unakuja tu baada ya mmea kuoza. Berkeley alichunguza majani, akachora alichokiona, na mwaka 1846 akaandika kwamba ukungu ndio unaoua. Wengi hawakumkubali, na kwa kweli hakuwa na jaribio la kuwafunga midomo. Uthibitisho ulikuja mwaka 1861 kwa majaribio ya Mjerumani Anton de Bary. Ugonjwa huo ndio wakulima wetu wanaouita bakajani chelewa.

Majani mabovu yalizidi kumfikia. Mwaka 1869, kutokana na majani ya kahawa kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, yeye na mwenzake Broome waliipa kutu ya kahawa jina la Hemileia vastatrix. Kutu hiyohiyo inawasumbua wakulima wa Kilimanjaro.

Kazi yenyewe haihitaji maabara ya gharama. Unachuma jani ambalo sehemu moja inaumwa na nyingine bado nzima, ili mpaka wa ugonjwa uonekane. Unalilaza kati ya karatasi kavu, unaweka uzito juu, unabadilisha karatasi zikilowa. Likikauka linaingia kwenye bahasha yenye jina la mmea, mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Bila maandishi hayo, una takataka kavu tu.

Mwaka 1879 Berkeley aliikabidhi hazina yake, maelfu ya vielelezo, kwa bustani ya Kew, London. Alifariki mwaka 1889. Mwaka 2013 wanasayansi walisoma vinasaba kutoka majani ya viazi yaliyokaushwa karne ya 19, yaliyotunzwa Kew na Munich, wakatambua aina ya kimelea kilicholeta ile njaa. Enzi za Berkeley hakuna aliyejua kinasaba ni nini. Majani yalisubiri.

Nami nilikuwa na jani mkononi, na mtoto anayeuliza limepatwa na nini. Sikujua jibu, nikaona aibu, nikamwambia atupe. Mwalimu mwenzangu, ukiletewa lako, tafuta bahasha na kalamu. Jibu linaweza kuja baadaye.