Sewa Haji wa Bagamoyo

Zamani hizo msafiri aendaye bara alivuka kwanza Mto Ruvu, ambao huko chini karibu na bahari ulijulikana pia kwa jina la Kingani. Watu na mizigo walivushwa kwa mitumbwi. Lakini kabla ya kuufikia mto ilimpasa akae Bagamoyo siku nyingi, apange nyumba, anunue bidhaa, angojee wapagazi. Mji mzima ulikuwa kama nyumba moja kubwa ya wageni, na katika wenyeji wao hapana aliyejulikana kupita Sewa Haji.

Alizaliwa mwaka 1851, katika ukoo wa Wahindi Waismailia waliotoka Kachi, na angali kijana aliingia katika biashara ya baba yake. Hawakuuza kibaba kwa kibaba. Waliuza majora ya merikani na kaniki, ushanga na masango, maana vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya bara. Tena walitafuta wapagazi, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ngumu. Mpagazi alichukua frasila mbili hivi. Basi mizigo mia ilitaka watu mia, nao wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Mwaka 1871 Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, alipata wapagazi kwa kijana huyo, umri wake miaka ishirini hivi. Katika kitabu chake alimshitaki sana kwa kumchelewesha na kwa ujanja wa hesabu. Huenda alikuwa na haki. Wala biashara ya pembe haikuwa safi, kwani njia zile zile zilipitisha watumwa.

Lakini msafara ulipokwisha, tajiri alikwenda zake, na mpagazi mgonjwa alibaki pwani hana jamaa wala chakula. Sewa Haji, aliyetajirika kwa mabega ya watu hao, hakuwasahau. Alitoa fedha ijengwe hospitali Dar es Salaam ya kuwatibu Waafrika na Wahindi. Mwaka 1896 aliwapa Wadachi waliotawala nyumba yake ya ghorofa huko Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe. Katika siku zile sharti hilo lilikuwa jambo geni.

Alikufa Unguja mwezi wa Februari 1897, na mali aliyoiacha ikasaidia maskini wagonjwa na wenye ukoma. Hospitali yake ilifuatwa na nyingine mwaka 1956, ambayo sasa ni Muhimbili, na humo jengo moja la wagonjwa huitwa Sewahaji.