Rowland Hill, mwalimu aliyefungulia bahasha njia

Mutu mwenye kuishi mbali na kwao anajua barua ni kitu gani. Rowland Hill alizaliwa Uingereza mwaka 1795, akakuwa mwalimu wa shule. Wakati ule posta ilikuwa inahesabu urefu wa njia na hesabu ya karatasi. Ukiweka barua ndani ya bahasha, inahesabiwa karatasi mbili, bei inaongezeka mara mbili. Juu ya ile, watu walikuwa wanakunja karatasi yenyewe na kuifunga na lakiri. Na mwenye kupokea ndiye alikuwa analipa. Mama maskini alikuwa anarudisha barua ya mtoto wake bila kuisoma, juu ya kukosa feza.

Mwaka 1837 Hill aliandika kitabu kidogo: mwenye kutuma alipe mbele, kwa uzito, bei moja inchi yote. Wakubwa wa posta walikataa. Lakini mwaka 1840 ilikubaliwa: barua nyepesi, peni moja, hata kama iko ndani ya bahasha. Mwaka uleule hesabu ya barua ilipita mara mbili.

Mwaka 1842 walimutosha kazini. Hakunyamaza. Mwaka 1845 mukubwa wake Edwin, pamoja na Warren De la Rue, walipata hati ya mashini ya kukunja bahasha, kazi iliyokuwa ya mukono. Mwaka 1846 Hill aliitwa tena kazini. Alikufa mwaka 1879, akazikwa Westminster Abbey.

Karatasi ilikuwako, mikono ilikuwako. Bahasha ilikuwa inangoja paka bei ya mutu wa kazi.