Guru Dutt: Mtu Aliyesema kwa Nuru na Kivuli

Nilikuwa sijatimiza miaka minane shangazi yangu aliponishika mkono tukatoka Mji wa Kale, Mombasa, kwenda kutazama picha ya Kihindi. Ilikuwa siku ya wanawake. Wakati huo majumba ya sinema ya pwani yalikuwa yakitenga siku ya akina mama peke yao, na mabuibui yakijaa ndani toka viti vya mbele hata vya nyuma. Sisi watoto tuliruhusiwa kuingia kwa sharti la kunyamaza.

Picha yenyewe ilikuwa Chaudhvin Ka Chand, yaani mwezi wa nne kumi. Jina hilo halikuwa geni kwetu, kwa kuwa hata washairi wa Kiswahili humfananisha mwanamke mzuri na mwezi wa nne kumi. Lakini zaidi ya jina, na maneno mawili matatu kama dunia, wakati na habari, ambayo sisi na wao tumeyachukua kwa Waarabu, shangazi hakujua lugha ile. Hata hivyo taa zilipowashwa alikuwa anafuta machozi, na usiku ule aliwasimulia kisa majirani toka mwanzo hadi mwisho, pasina kukosea.

Nilijiuliza, alijuaje? Ilinichukua miaka mingi kupata jibu. Na jibu lenyewe limo katika maisha ya yule bwana aliyekuwa na masharubu membamba na macho ya huzuni, aliyecheza kama Aslam katika picha ile. Jina lake Guru Dutt. Msomaji mpenzi, leo nataka nikusimulie habari zake.

MTOTO NA TAA YA BIBI

Guru Dutt Padukone alizaliwa Bangalore, kusini mwa India, tarehe 9 Julai 1925. Wazazi wake walikuwa Mabaniani wenye elimu lakini fedha hawana. Sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Calcutta, na ndiyo maana watu wengi walimdhania kuwa ni Mbengali.

Jamaa zake wamesimulia kwamba kila jioni bibi yake alikuwa akiwasha taa ya ibada nyumbani. Mtoto Guru Dutt alikuwa akikaa mbele ya taa ile, akikunja na kukunjua vidole, na vivuli vyake vikicheza ukutani. Watoto wengi wa huku kwetu wamecheza mchezo huo kwa taa ya kandili, wakatengeneza sungura na ndege. Tofauti ni kwamba yeye hakuuacha mchezo huo mpaka alipokufa.

Hakusoma chuo kikuu, kwani fedha hazikuwako. Alifanya kazi ya kupokea simu kiwandani, akaiona si kazi yake. Mwaka wa 1942 akajiunga na chuo cha mcheza ngoma mashuhuri Uday Shankar kule Almora, milimani, akajifunza namna mwili wa mtu unavyoweza kueleza jambo bila ya mdomo kufunguka. Chuo kilipofungwa mwaka wa 1944, alikwenda Pune katika kampuni ya sinema ya Prabhat, akawa mfunzi wa ngoma na msaidizi wa waongozaji.

Huko Pune ndiko alikokutana na kijana mwingine asiyejulikana bado, Dev Anand. Urafiki wao ulianza kwa kosa la dobi, aliyewabadilishia mashati. Wakacheka, kisha wakawekeana ahadi: Dev akiwa mtoaji picha, Guru Dutt ataiongoza, na Guru Dutt akiwa mwongozaji, Dev atakuwa stelingi. Ahadi ni deni, na Dev alililipa. Mwaka wa 1951 kampuni yake ilitoa Baazi, nayo ikaongozwa na Guru Dutt.

MACHO YASEMAYO

Katika Baazi Guru Dutt alipata mali mbili. Ya kwanza ni kondakta wa basi wa Bombay, Badruddin Kazi, aliyekuwa hodari wa kuigiza ulevi. Guru Dutt akampa jina la Johnny Walker, ambalo ni jina la wiski, na jina hilo likamganda Muislamu yule aliyesifika kwa kutokunywa kabisa.

Mali ya pili ni V. K. Murthy. Huyu alikuwa msaidizi tu wa mpiga picha, lakini siku moja alitoa shauri la kupiga sehemu ngumu kwa kupitia kioo cha kujitazamia. Akaachiwa ajaribu, akaweza. Toka picha iliyofuata, Jaal ya mwaka 1952, Murthy ndiye aliyeshika kamera ya Guru Dutt.

Sasa tazama walivyofanya. Waongozaji wengi wa zama zile walikuwa wakiiweka kamera mbali, kama mtu aketiye mbele ya jukwaa, na wachezaji wakizungumza mbele yake. Guru Dutt aliisogeza usoni. Alipenda lenzi ndefu, ile ambayo humtoa mtu mbele na kuyafifiza yaliyo nyuma yake, hata ikawa duniani hakuna kingine ila uso ule. Basi mchezaji hakuhitaji kupiga kelele. Kope zikishuka, umefahamu kuwa ameona haya. Macho yakienda pembeni, umefahamu kuwa anaficha jambo.

Na nyimbo pia alizigeuza. Kwa wengine wimbo ulikuwa kama mapumziko, kisa kikasimama, watu wakaimba, kisha kisa kikaendelea. Yeye aliufanya wimbo kuwa sehemu ya maneno ya mchezaji. Mtu anazungumza, na kabla hujatanabahi anaimba, na wimbo ukiisha kisa kimeshapiga hatua.

MTU MLANGONI

Mwaka wa 1957 alitoa Pyaasa, yaani Mwenye Kiu. Ni kisa cha mshairi maskini ambaye hakuna amjaliye, hata ndugu zake wenyewe. Inadhaniwa amekufa, mashairi yake yanachapishwa na kupata sifa, na wale waliomfukuza ndio wanaofanya mkutano mkubwa wa kumkumbuka. Mashairi ya picha hiyo yalitungwa na Sahir Ludhianvi.

Katikati ya mkutano, mshairi anatokea mlangoni. Guru Dutt, aliyecheza mwenyewe, amesimama na mikono ameinyoosha kwenye miimo ya mlango, na mwanga wote uko nyuma yake. Uso hauonekani. Tunaona umbo jeusi tu lililozungukwa na nuru. Hapo hukuhitaji Kihindi. Watu wale walikuwa wakimheshimu maiti, basi taa ikamwonyesha kama mzuka. Mtu hai amekuwa kivuli kwa wale waliompenda akiwa amekufa. Taa ingewekwa mbele yake, tungeona mtu ameingia mlangoni, basi.

Pyaasa ilipendwa na ikaleta fedha. Guru Dutt akapata moyo wa kutoa alichokuwa nacho ndani kabisa.

MAUA YA KARATASI

Mwaka wa 1959 ilitoka Kaagaz Ke Phool, maana yake Maua ya Karatasi. Ilikuwa picha ya kwanza ya India kupigwa kwa CinemaScope, yaani ile picha pana inayojaza pazia toka ukuta hadi ukuta. Wengine wangeutumia upana ule kuonyesha majeshi na majumba ya wafalme. Guru Dutt aliutumia kuonyesha upweke. Alimweka mtu mmoja pembeni, na nafasi yote iliyobaki akaiacha tupu.

Kisa ni cha mwongozaji wa sinema, aliyetengana na mkewe, anayempata msichana na kumfanya nyota. Wanapendana, lakini hawawezi kuwa pamoja. Msichana huyo alichezwa na Waheeda Rehman, ambaye Guru Dutt mwenyewe alimleta Bombay kutoka kusini.

Basi kuna mahali wawili hao wamesimama ndani ya studio kubwa, mbali mbali, wala hawasemi. Kutoka juu unashuka mwale mmoja wa nuru, mnene kama nguzo. Murthy hakuupata mwale ule kwa taa za umeme. Aliweka kioo kikubwa nje ya studio kulinasa jua, kikalirusha kwenye kioo kingine kilichowekwa juu ndani, na moshi kidogo ukafanya nuru ionekane angani. Kisha kwa ufundi wa kupiga picha juu ya picha, vivuli vya wale wawili vinatoka katika miili yao, vinakutana ndani ya nuru, na miili inabaki pale pale iliposimama. Nyuma inasikika sauti ya Geeta Dutt, mkewe Guru Dutt.

Wahenga wamesema kizuri chajiuza. Picha hii haikujiuza. Watazamaji waliikataa na fedha nyingi zikapotea. Murthy alipewa tuzo ya Filmfare kwa upigaji wake, lakini Guru Dutt alivunjika. Toka siku hiyo hakuliandika tena jina lake kama mwongozaji.

Kilichomwokoa ni ile picha ya shangazi yangu. Chaudhvin Ka Chand ya mwaka 1960 ni kisa cha Waislamu wa Lucknow, marafiki wawili wanaompenda mwanamke mmoja pasi na wenyewe kujua, kwa sababu ya ushungi. Guru Dutt aliitoa na kuicheza, ila uongozi alimwachia M. Sadiq. Iliuzwa vizuri mno, na kampuni ikasimama tena. Mwaka wa 1962 akatoa Sahib Bibi Aur Ghulam, iliyoongozwa na rafiki yake Abrar Alvi. Humo mna wimbo ambao mchezaji mmoja tu ana nuru usoni, na wenzake wote nyuma ni vivuli vitupu.

MWISHO WAKE

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Ndoa yake na Geeta, waliyofunga mwaka wa 1953 na kupata watoto watatu, ilikuwa imelegea. Usingizi haukumjia ila kwa vidonge, na kileo kikazidi. Tarehe 10 Oktoba 1964 alikutwa amekufa kitandani mwake, Bombay. Alikuwa na umri wa miaka 39. Wako waliosema amejiua, na wako wa nyumbani mwake waliosema ni ajali ya vidonge na pombe. Hukumu ya jambo hilo si yangu wala si yako. Ni ya Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani.

Maua ya Karatasi hayakunyauka. Miaka mingi baadaye watu waliirudia picha ile iliyokataliwa, na leo inatajwa miongoni mwa picha bora za India. Mcheza kwao hutuzwa, wasemavyo wazee wetu, ila yeye tuzo ilimkuta ameshaondoka, sawa na yule mshairi wake wa mlangoni.

Mimi niliiona kwa kanda ya video, katika miaka ya themanini, nikiwa na shangazi yangu. Alikuwa amezeeka na macho yameanza kuingia ukungu. Pale kwenye mwale wa nuru aliniuliza kwa nini wale wawili hawasemi. Nikamjibu kwamba wameshasema. Akatazama tena, akanyamaza, kisha akavuta ncha ya leso akafuta macho, kama siku ile.